Daftari la Wageni wa Ikulu ya Marekani: Kati ya 157 na 11

Mtu anayeomba kuonyeshwa orodha ya wageni walioingia katika jengo la serikali huonekana mmbea, au hata mtu anayehatarisha usalama wa viongozi. Aprili 2017, serikali ya Donald Trump ilipotangaza kwamba haitachapisha orodha ya wageni wa Ikulu ya Marekani, ilitaja usalama wa taifa na faragha ya mamia ya maelfu ya watu wanaopita hapo kila mwaka. Sababu hizo si za kupuuzwa, ila sioni kwamba zinatosha kulifunga daftari.

Kisheria, suala lenyewe si jepesi. Sheria ya uhuru wa taarifa ya nchi hiyo, ya mwaka 1966, inazibana idara za serikali, haimbani rais mwenyewe wala washauri wake wa karibu. Je, daftari linaloandikwa langoni na Secret Service, ambayo ni idara ya serikali inayomlinda rais, ni la nani? Agosti 2013 mahakama ya rufaa ya Washington, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Merrick Garland, ilijibu kwamba kumbukumbu za wanaokwenda kwa rais na ofisi yake haziombeki kwa sheria hiyo, lakini za wanaokwenda katika vitengo kama Ofisi ya Usimamizi na Bajeti zinaombeka. Hoja ya majaji ina uzito: rais anapaswa kuweza kumwita mshauri amtakaye, na anayepata kumbukumbu za langoni amepata ratiba ya rais kwa kuzungukia nyuma.

Pingamizi linalonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni lile linalosema kwamba daftari huwaponza wasio na hatia. Mwaka 2013, mamlaka ya kodi, IRS, ilipotuhumiwa kuvibana vikundi vya kihafidhina vilivyokuwa vikiomba msamaha wa kodi, zilienea habari kwamba Douglas Shulman, aliyekuwa mkuu wake hadi mwaka uliotangulia, alifika Ikulu mara 157. Mkuu wa kodi anafuata nini Ikulu mara zote hizo, watu waliuliza, kama si kupokea maagizo? Namba ilitoka katika daftari lenyewe, na hakuna aliyeitunga. Lakini kila mstari wa daftari lile una safu kadhaa: jina la mgeni, mwenyeji wake, jengo, saa ya miadi na, mbali na hiyo, saa aliyoingia. Mara 157 ni mara alizoidhinishwa kuingia. Safu ya saa ya kuingia ilijazwa mara 11 tu. Hata hiyo 11 huenda ni pungufu, kwa kuwa safu hiyo haijazwi kila mgeni anapoingia. Sehemu kubwa ya miadi ilikuwa vikao vya kawaida kuhusu utekelezaji wa sheria ya bima ya afya, iliyoitwika mamlaka ya kodi kazi nyingi, na vilipangwa katika jengo la ofisi lililo jirani na makazi ya rais.

Wengi hukichukua kisa hiki kuwa ushahidi dhidi ya uwazi. Mimi nakisoma kinyume. Aliyemwondolea Shulman shutuma ile hakuwa msemaji wa Ikulu, ambaye wapinzani wasingemsadiki hata angeapa, bali waandishi waliofungua faili lilelile wakasoma na safu nyingine. Kama orodha ingekuwa imefichwa, shutuma ingezaliwa vilevile, kwa kinywa cha mtu anayedai kumwona langoni, na hakuna ambaye angekuwa na cha kuipimia.

Ni kweli pia kwamba daftari likiwa wazi baadhi ya mikutano huhama. Mwaka 2010 gazeti la The New York Times liliripoti kwamba maofisa wa Ikulu walikuwa wakikutana na washawishi wa makampuni katika mgahawa wa kahawa ulio hatua chache tu kutoka langoni. Kasoro hiyo haina dawa kamili, ingawa inaonyesha kwamba wahusika wenyewe waliliogopa daftari.

Kuhusu usalama na faragha, jibu lilikwishajaribiwa. Kuanzia Septemba 2009 serikali ya Barack Obama ilichapisha kwa hiari kumbukumbu zinazokaribia milioni 6, kila moja ikicheleweshwa kwa siku 90 hadi 120, bila tarehe za kuzaliwa, na bila wageni binafsi wa familia ya rais. Mikutano nyeti, kama ya wanaofikiriwa kuteuliwa majaji, ilizuiwa kwa muda, lakini idadi ya iliyozuiwa iliahidiwa kutangazwa kila mwezi. Joe Biden aliurudisha utaratibu huo Mei 2021, naye kwa hiari, na kinachotolewa kwa hiari ya rais mmoja hufutwa na anayefuata. Mswada wa kuulazimisha, uliopelekwa Congress mwaka 2017, haukupita. Ukirudishwa bungeni, uitaje wazi safu ya saa ya kuingia na uamuru ijazwe kwa kila mgeni, kwa sababu orodha ya majina peke yake ndiyo iliyozaa ile 157.