Tembo wa Tabora tunamjua, na zile karatasi je?

Neno "hela" tumelirithi kutoka heller, sarafu ya Wajerumani walipotutawala. Heller 100 zilikuwa rupia moja. Neno tunalo mdomoni kila siku, lakini jinsi hela yenyewe ilivyowafia wazee wetu mikononi hatusimuliani, na jambo hilo linaniuma.

Vita ilipoanza 1914, manowari za Waingereza ziliziba pwani. Noti hazikuja tena kutoka Ujerumani, na aliyekuwa na rupia ya fedha aliificha. Huko Ujerumani nako sarafu ziliadimika, miji ikatoa noti zake yenyewe za dharura. Lakini mkazi wa mji ule alijua akabishe mlango gani akitaka kulipwa.

Huku kwetu benki ya koloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, ilianza 1915 kutoa noti za muda, Dar es Salaam kwanza, Tabora baadaye. Ziangalie kwa karibu: karatasi hafifu, saini za mkono, na maneno ya Kijerumani yanayoahidi kwamba benki italipa kwenye ofisi zake humu kolonini, kwa yeyote atakayeileta, bila kuulizwa yeye nani.

Za mwisho kabisa, zile za porini, Wajerumani wakiwa wanarudi nyuma, ziligongwa kwa mihuri ya mpira na kuandikwa tarehe 1 Oktoba 1917. Kufikia siku hiyo Dar es Salaam ilikuwa mikononi mwa Waingereza mwaka mzima na zaidi, na Tabora ilishatekwa na Wabelgiji tangu Septemba 1916. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akavuka Ruvuma, akaingia Msumbiji na jeshi lake. Sasa mkulima aliyelitolea jeshi hilo mtama wake akapewa karatasi ile, angeipeleka ofisi ipi?

Habari za Tabora zikitajwa, watu hukimbilia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, iliyotengenezwa 1916. Ni nzuri kweli, na dhahabu yake ilichimbwa Sekenke. Lakini dhahabu haikumdhulumu mtu. Aliyeishika angeiuza popote. Kwangu mimi karatasi ndiyo yenye habari nzito, kwa kuwa ndiyo iliyochukua chakula ghalani.

Natamani makumbusho yetu yaiweke karatasi ile ndani ya kioo kimoja na yule tembo, na ahadi yake ifasiriwe kwa Kiswahili kikubwa, mtoto wa shule aisome mwenyewe: benki italipa.