Kemo kwa mbwa: uvimbe wa zinaa na limfoma havina hesabu moja

Ukitaja kemo, yaani kutibu saratani kwa dawa, kwa mbwa, watu hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema ni ufujaji katika nchi ambako binadamu mwenye saratani huchangiwa na ukoo mzima ili apate dozi yake. Wapo wanaosema aliyekubali kufuga amekubali pia kutibu, na wanataja Marekani na Ulaya, ambako wapo madaktari bingwa wa saratani za wanyama, mitambo ya mionzi na dawa zilizosajiliwa kwa ajili ya mbwa. Pande zote mbili huongea kana kwamba saratani ni ugonjwa mmoja. Mjadala wa Afrika Mashariki ungeanza mahali pazuri zaidi kama ungeanza na uvimbe wa zinaa wa mbwa.

Huu ni uvimbe wa ajabu kidogo. Seli zake hazikutokana na mwili wa mbwa anayeumwa. Zimetoka kwa mbwa mwingine wakati wa kupandana, kunusana au kulambana, zikajipandikiza. Seli ya kawaida ya mbwa ina kromosomu 78, ya uvimbe huu huwa na kati ya 57 na 64. Dalili kuu ni damu inayodondoka kidogo kidogo ukeni au kwenye govi, wiki baada ya wiki, na hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika: jike huambiwa yuko kwenye joto, dume hupewa antibiotiki ya njia ya mkojo. Joto halidumu miezi. Daktari alisukume govi nyuma mpaka mwisho, kwenye mzizi wa uume, kwa kuwa uvimbe hupenda kujificha huko. Jike apapaswe ndani kwa kidole chenye glovu. Kinachoonekana ni nyama nyekundu, laini, yenye vinundu kama koliflawa, inayovuja damu ikiguswa. Usisahau pua: mbwa anayepiga chafya za damu huenda ana uvimbe huohuo.

Uthibitisho hauhitaji mtambo. Kandamiza kioo cha slaidi juu ya uvimbe, kikauke kwa hewa, kipakwe Giemsa, rangi ileile inayotumika kwenye vipimo vya malaria. Chini ya hadubini zitaonekana seli za mviringo zenye vitundu vyeupe vimejipanga ndani yake.

Tiba ni vinkristini, miligramu 0.5 hadi 0.7 kwa kila mita ya mraba ya uso wa mwili, kwenye mshipa, mara moja kwa wiki. Mbwa wa kilo 15 ana uso wa karibu mita ya mraba 0.61, hivyo anahitaji miligramu 0.3 hadi 0.43. Kichupa cha kawaida kina miligramu 1 ndani ya mililita 1, kwa hiyo dozi ni chini ya nusu ya kichupa. Wengi hupona kwa sindano nne hadi sita, wachache hufika nane, na zaidi ya mbwa tisa kati ya kumi hupona kabisa. Kwa saratani, tena kwa dawa moja, hilo ni jambo la nadra.

Yanayoharibika yanajulikana. Wiki ya tatu uvimbe umenywea, damu imekoma, mwenye mbwa harudi tena; seli zilizobaki huota upya, na safari hii huenda zisiisikie dawa. Wengine hukata uvimbe kwa kisu pekee, nao hurudi. Baya zaidi ni dawa kuvuja nje ya mshipa, kwa maana vinkristini huozesha nyama. Kanula, yaani mrija mwembamba wa mshipani, iwe mpya, mshipa uchomwe mara moja tu, na maji ya chumvi yapitishwe kabla na baada ya dawa. Ikivuja, kanula isichomolewe kwanza: vuta nyuma kile kinachovutika, kisha kanda kwa kitambaa cha moto mara kadhaa kwa siku. Kabla ya kila dozi damu ihesabiwe. Chembe nyeupe zikiwa chini ya 4,000 kwa mikrolita, dozi iahirishwe. Kwenye ukanda wenye kupe wengi hesabu hii haina mbadala, maana mbwa huweza kuwa na ehrlichia, ugonjwa unaoenezwa na kupe, iliyokwisha kumpunguzia chembe kabla hajaguswa na kemo.

Wanaopinga wana hoja mbili ambazo si za kupuuza. Ya kwanza ni kwamba vinkristini ni dawa ya watoto. Limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, bado hutibiwa kwa vinkristini pamoja na siklofosfamidi, dawa nyingine ya kemo. Na upungufu si jambo la kufikirika: mwaka 2019 Marekani yenyewe ilikaukiwa baada ya mmoja wa watengenezaji wawili kuacha kuizalisha. Naona jibu la haki ni kwamba duka likiwa na vichupa vya kuhesabu, mbwa asubiri. Dawa ikiwepo, nusu kichupa cha mbwa hakimnyang'anyi mtoto kitu, na kliniki inayowapangia mbwa wawili siku moja hutumia kichupa kimoja kwa wote.

Ya pili ni nzito zaidi, ila husikika mara chache. Dawa hutoka mwilini kwa mkojo na kinyesi. Kwenye nyumba nyingi za mijini anayefagia banda ni dada wa kazi au mlinzi, mikono mitupu, na hakuulizwa lolote. Siklofosfamidi hutoka zaidi kwa mkojo, vinkristini zaidi kwa kinyesi, siku kadhaa baada ya dozi. Anayesafisha apewe glovu, kinyesi kifungwe kwenye mifuko miwili, banda limwagiwe maji mengi bila kupigwa brashi kavu, na mwenye mimba au anayenyonyesha asiguse kabisa. Daktari asiyeyasema haya hajamaliza kazi yake.

Limfoma, saratani ya chembe nyeupe za kinga, ni habari nyingine. Mbwa huvimba mitoki mahali pengi kwa pamoja: chini ya taya, mbele ya mabega, nyuma ya magoti. Ehrlichia nayo huvimbisha mitoki, na trypanosoma, vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, pia, kwa hiyo kuona kwa macho hakutoshi. Sindano ya geji 22 na bomba la mililita 5 vinatosha kuchukua seli. Chagua mtoki wa bega au wa nyuma ya goti. Wa taya huvimba hata kwa meno mabovu na hudanganya.

Asipotibiwa, mbwa mwenye limfoma huishi wiki nne hadi sita. Prednisoloni, dawa ya steroidi, peke yake humwongezea mwezi au miwili hivi. Mpango wa dawa nne (vinkristini, siklofosfamidi, doksorubisini na prednisoloni) huchukua wiki 19 hadi 25 na huirudisha mitoki katika hali ya kawaida kwa asilimia 80 hadi 90 ya mbwa. Wenye limfoma ya seli B, mojawapo ya aina za chembe nyeupe, huishi kwa wastani mwaka mmoja hivi. Wengi hawavuki miaka miwili. Anayetetea atasema mwaka ni sehemu kubwa ya umri wa mbwa, na kwamba dozi za wanyama hupangwa chini kwa makusudi ili wasiteseke: wengi hula na kukimbia kama kawaida. Ni kweli. Lakini doksorubisini huchosha moyo, hivyo jumla yake huwekewa kikomo, na ikivuja nje ya mshipa hudhuru kuliko vinkristini. Hapa ubingwa una kazi halisi, na kliniki isiyo na hesabu ya damu siku hiyohiyo isianze.

Kosa moja huifunga njia mapema: prednisoloni inayotolewa "kwa uvimbe" kabla ya kipimo. Mitoki hunywea, kila mtu hufurahi, na seli hujifunza kuikwepa kemo itakayofuata. Slaidi kwanza, kidonge baadaye.

Kwa paka mizani huhamia kwenye kisu. Paka mweupe wa pwani mwenye kidonda kisichopona kwenye ncha ya sikio huenda ana saratani ya ngozi iliyoletwa na jua. Kukata sikio mapema humponya mara nyingi. Uvimbe wa titi la paka ni mbaya katika visa karibu tisa kati ya kumi, kwa hiyo "tuangalie kwanza" ni ushauri mbovu. Dawa za binadamu zisikopwe ovyo: sisplatini humuua paka kwa kujaza mapafu maji, na krimu ya fluorourasili, inayopakwa ngozi ya watu, ni sumu kwa paka, na kwa mbwa anayeilamba pia.

Mbwa wa uvimbe wa zinaa aliyepona naye ahasiwe kabla hajarudi mitaani, maana majike yaliyomwambukiza bado yako huko.