Waliopamba Miti Wasifungiwe Ukumbi

Michoro ya ukumbi wa jamii ambao parokia yetu inakusudia kujenga ilibandikwa ubaoni karibu na mlango wa kanisa wakati wa tamasha la miti ya Krismasi, na kila aliyelipa kiingilio aliombwa aitazame kabla ya kutoka. Niliitazama kwa makini. Kuna ukumbi wa mikutano wa kukodishwa, maduka yanayoelekea barabarani, maegesho ya magari, na ofisi za kanisa ghorofani. Mahali ambapo mtoto wa mtaa anaweza kuingia Jumanne alasiri, akaketi na kusoma bila kudaiwa risiti, sikupaona.

Limeniuma zaidi kwa sababu ya tamasha lenyewe. Desturi hii imeshamiri katika makanisa mengi ya Uingereza, ambako shule, vyama na wafanyabiashara wa eneo hupamba kila mmoja mti wake ndani ya kanisa, na fedha zinazokusanywa huenda kwenye paa, jiko au vyoo ambavyo jengo la kale halikuwa navyo. Sisi tuliifanya yetu kwa saipresi. Umoja wa Akina Mama walitundika viondo vidogo, watoto wakakata nyota kutoka kwa chupa za plastiki, vijana wa bodaboda wa steji iliyo mbele ya lango wakazungushia mti wao jaketi za kuakisi mwanga, na wauza mitumba wa sokoni, baadhi yao Waislamu, wakapamba wao kwa soksi za watoto wachanga. Watu ambao kwa miaka mingi wamepita nje ya ukuta wetu waliingia, wakapiga picha, wakachanga.

Wapo waumini waliolalamika kwamba mti wa Krismasi ni desturi ya Wajerumani. Ni kweli ulitoka Ujerumani, na ulipata umaarufu mkubwa Uingereza baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapisha mwaka 1848 picha ya familia ya Malkia Victoria ikiuzunguka. Lakini hata saipresi yenyewe asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na mbao zake zimepaulia nyumba nyingi za Kenya bila mtu kuuliza ilikotoka. Sioni sababu ya kuendelea na mjadala huo.

Linalonishughulisha ni kwamba tuliwaita watu hawa wote kwa jina la jamii, tukapokea fedha zao kwa jina la jamii, kisha tukachora jengo ambalo jamii italiingia kwa kulipa. Tamasha hufanyika wakati wa Majilio, katikati ya ile likizo ndefu inayofuata muhula wa tatu, na mzazi yeyote wa Nairobi anajua likizo hiyo humfanyia nini mtoto anayeishi katika chumba kimoja na wenzake wanne, mama akiwa kazini hadi usiku. Watoto hao hucheza kando ya barabara kwa sababu uwanja uliokuwapo umejengwa ghorofa. Januari wanarudi shuleni, na kazi ya ziada wanaifanyia kitandani, televisheni ya jirani ikisikika ukutani. Meza ndefu, taa nzuri, choo safi na mtu mzima mmoja mwenye subira: hayo ndiyo wanayohitaji, na hakuna hata moja ambalo kanisa haliwezi kulitoa.

Wala si jambo geni mjini hapa. Ukumbi wa Kaloleni ulitumiwa na wapigania uhuru kwa mikutano yao, na Kaloleni hiyohiyo, sawa na Makadara, ina tawi la Maktaba ya McMillan, ambayo ilifunguliwa mwaka 1931. Kule Pumwani, Kituo cha Jamii cha St John's cha Kanisa Anglikana kimehudumu kwa miongo katika mtaa ambao Waislamu wamekuwa wakazi wake tangu mwanzo, na sijasikia kwamba imani ya mtu yeyote ilipungua kwa sababu hiyo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ukumbi una gharama zake. Bili za umeme na maji hazilipwi kwa sala, na mlinzi ana familia. Harusi za Jumamosi na zikodishiwe. Maduka nayo, kama ni lazima, na yajengwe. Maegesho yapunguzwe nusu. Gari linaloegeshwa saa mbili kwa wiki halistahili nafasi kuliko mtoto.

Nasikia pia minong'ono kwamba fedha za tamasha ni kidogo, na kwamba harambee moja yenye mgeni mheshimiwa ingemaliza kazi. Mnamo Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza michango ya Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto irudishwe. Sisi si Wakatoliki, lakini uamuzi ule unatuhusu. Afadhali tujenge kwa awamu, kwa shilingi za kiingilio za watu wanaotujua, kuliko kumaliza haraka na kubaki na deni kwa mwanasiasa.

Ninaiomba kamati ya maendeleo, kabla ya michoro kupelekwa kwa kaunti kuidhinishwa, itenge chumba kimoja cha chini chenye mlango wake unaoelekea barabarani, iandike katika kanuni za ukumbi kwamba chumba hicho kitakuwa wazi na bila malipo kila alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na likizo kutwa nzima, na iwape viti katika kamati wawakilishi wa vikundi vilivyopamba miti, wawe waumini wetu au wasiwe. Kikao kimepangwa mara baada ya Krismasi, wakati ambapo wengi watakuwa bado mashambani. Kiahirishwe hadi shule zifunguliwe, na vijana wa steji waalikwe kwa barua, sawa na wazee wa kanisa.