Kubana folda kwa Python: mstari mmoja au kitanzi chako?

Python ina njia mbili za kubana folda kuwa ZIP bila kupakua maktaba ya nje. Ya kwanza ni make_archive ya moduli ya shutil, mstari mmoja tu. Ya pili ni kuandika kitanzi (loop) chako kwa moduli ya zipfile, kikipitia faili moja baada ya jingine. Naona wengi hukimbilia kitanzi mapema mno, na humo ndimo makosa mengi yanapozaliwa.

Mstari wenyewe ni huu:

shutil.make_archive("nakala", "zip", "miradi")

Jina la kwanza liandikwe bila .zip mwishoni, la sivyo utapata nakala.zip.zip. Tena, kinachoingia ni yaliyomo ndani ya miradi, si folda yenyewe, kwa hiyo atakayefungua anaweza kukuta mafaili yametapakaa. Ukitaka folda ibaki, weka root_dir="." na base_dir="miradi". Folda tupu zinaingia, na mbano wa Deflate, njia ya kawaida ya kubana ndani ya ZIP, unawashwa bila kuuomba.

Udhaifu wake ni kwamba haichagui. Folda ya mradi mara nyingi ina .git (historia ya Git), __pycache__ (kodi iliyotayarishwa na Python), node_modules (maktaba za JavaScript) na faili la .env lenye nywila, na vyote vinabebwa. Nywila ikimfikia mtu asiyestahili, kuokoa mistari kumi ya kodi hakukusaidii kitu. Hapa kitanzi kina hoja nzito: unaruka usichokitaka, na kupitia compresslevel unaamua mbano uwe wa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 9.

Sasa mitego ya kitanzi. ZipFile("nakala.zip", "w") peke yake haibani chochote, kwa sababu chaguo-msingi lake ni ZIP_STORED, yaani mafaili yanawekwa yalivyo. Lazima utaje ZIP_DEFLATED. Usipoipa write() arcname (jina la faili ndani ya ZIP) iliyotolewa kwa relative_to(folda), njia ya folda kama ulivyoitaja, hata ikiwa nzima, inaingia kwenye ZIP. Ukichuja kwa is_file(), folda tupu zinapotea kimyakimya. Faili lenye tarehe ya kabla ya 1980 linaleta ValueError, kwa kuwa ZIP haiwezi kuandika tarehe hiyo; strict_timestamps=False, kuanzia Python 3.8, inaliokoa.

Mtego mbaya zaidi ni kuhifadhi nakala.zip ndani ya folda ileile inayobanwa. Kitanzi kikilifikia, kinasoma faili ambalo bado kinaliandika, na linaweza kuendelea kuvimba hadi diski ijae. Liweke nje ya folda, iwe unatumia kitanzi au make_archive.

Usitegemee maajabu kwa JPEG na MP4. Tayari zimebanwa; compresslevel=9 itakula muda na kupunguza kidogo sana. Kwa folda ya picha, ZIP_STORED inatosha. Na kwa Linux, kama viungo (symlinks), wamiliki na ruhusa za mafaili vina maana, tumia make_archive na uchague "gztar" (faili la .tar.gz) badala ya "zip".

Kabla ya kufuta folda ya asili, fungua ZIP na uite testzip(). Ikirudisha None, CRC (namba za kuhakiki data) za vyote vilivyomo zimelingana. Ikirudisha jina, hilo ndilo faili la kwanza lililoharibika. Haiwezi kukuambia kuhusu faili ambalo halikuingia kabisa, hivyo linganisha pia namelist(), yaani majina ya vilivyomo, na orodha ya mafaili uliyokusudia kubana.