Tupige marufuku pitbull, au tumbane mwenye mbwa?

Anayetaka kujua kama kupiga marufuku aina fulani ya mbwa kunasaidia chochote aanzie Uingereza, maana wale jamaa wamelijaribu hili mara mbili. Mara ya kwanza ni 1991, watu walishambuliwa mfululizo, magazeti yakawaka, Bunge likapitisha sheria kwa haraka sana na aina nne zikapigwa marufuku: pit bull terrier, tosa wa Japani, dogo argentino na fila brasileiro. Basi watu wakajua yameisha. Miaka 32 baadaye akawa anazungumzwa mbwa mwingine kabisa, XL Bully, mbwa mkubwa mwenye misuli, ambaye 1991 wala hakuwa ameingia nchini, na Septemba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak akatangaza huyo naye anaingia kwenye orodha. Kuanzia 31 Desemba 2023 ikawa kosa kumuuza, kumzalisha, kumgawa bure au kumtelekeza, na kuanzia 1 Februari 2024 kwa England na Wales huwezi kuwa naye bila cheti maalum. Cheti kililipiwa pauni 92.40, na masharti yakawa mbwa ahasiwe, awekewe chipu ya utambulisho mwilini, akatiwe bima ya kulipa watu wengine akiwadhuru, na akitoka nje awe na mnyororo na kifunga mdomo. Wakati huo aliyeona ni usumbufu alimpeleka kwa daktari achomwe sindano afe, serikali ikampa fidia ya pauni 200. Mbwa zaidi ya 50,000 walisajiliwa kwa utaratibu wa cheti.

Sasa nawaletea hii habari kwa sababu huku kwetu kila ikirushwa video ya mbwa kamrukia mtoto, ubishi unakuwa ni ule ule, kuna wanaosema pitbull wote wauawe na kuna wanaosema mbwa hana kosa kosa ni la mwenye mbwa, na kila upande unaongea kama mwenzake ni mjinga. Mimi naona wote wana hoja ila wanajibu maswali mawili tofauti. Anayemtetea mbwa anajibu swali la mbwa gani ana uwezekano mkubwa wa kung'ata. Anayetaka marufuku anajibu swali la je huyu akishang'ata, itakuwaje?

Tuanze na wanaotaka marufuku, maana huwa wanachekwa mapema sana. Hoja yao nzito haiko kwenye idadi ya kung'atwa. Mbwa mdogo wa mapambo anaweza kuwa mkorofi kuliko Rottweiler, anabwekea kila mgeni na kuuma vidole vya watoto, lakini ni nadra sana mtu kuzikwa kwa sababu yake. XL Bully dume, kwa kipimo cha serikali ya Uingereza, ni kuanzia sentimita 51 begani, na wengi wao wanapita kilo 50, sasa mnyama wa kilo 50 akishamkamata mtu mzima, huyo mtu hana ujanja, wala jirani aliyekuja na ufagio hana ujanja. Kwa hiyo hata kama yeye anakasirika mara moja kwa mbwa mdogo kukasirika mara kumi, hiyo moja yake inatosha. Na wanaongeza kwamba mbwa ni mnyama aliyetengenezwa na binadamu kwa kazi. Border collie, mbwa wa kuchunga, anaanza kuzungukia kondoo hata kabla hajafundishwa vizuri, na ukoo wa pit bull ulizalishwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya mapambano ya mbwa kwa mbwa, wakichaguliwa wale ambao hawaachii. Kukubali kwamba damu inafanya kazi kwa collie halafu ukakataa kwa pit bull ni kujidanganya kidogo.

Upande wa pili nao wana karatasi zao. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti mkubwa, wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000 waliulizwa maswali kuhusu tabia za mbwa zao na mbwa zaidi ya 2,000 wakapimwa vinasaba, ikaonekana aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti ya tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Na kwenye suala la mbwa kuchokozeka haraka, aina ilisaidia kidogo mno kubashiri. Yaani ukiniambia tu mbwa wako ni Labrador, sijajua mengi kuhusu yeye kama yeye. Hii iliwafurahisha sana wapenzi wa mbwa, na RSPCA (shirika la kutetea wanyama), Kennel Club (chama cha kusajili mbwa) na chama cha madaktari wa mifugo cha Uingereza wamekuwa wakipinga sheria za aina kwa aina kwa muda mrefu.

Ila tusiisome hiyo asilimia 9 kama watu wanavyoisambaza. Waliojibu ni wenye mbwa wenyewe, na nani anamsema vibaya mbwa wake? Halafu swali lilikuwa juu ya tabia, halikuwa juu ya kina cha kidonda. Utafiti unamjibu yule anayesema pitbull kazaliwa muuaji. Yule anayesema pitbull akikosea anakosea vibaya bado hajajibiwa.

Kuna tatizo lingine ambalo mimi ndiyo lilinifanya niache kuamini orodha. Huyo mbwa mnamtambuaje? Kwa sheria ya Uingereza wanaangalia umbo, upana wa kichwa, kifua, urefu begani, hawaangalii wazazi wake wala vinasaba. Madume wawili wa tumbo moja, mmoja kafika sentimita 51 na mwenzake kaishia 49, huyu wa kwanza anaingia kwenye sheria na ndugu yake anabaki mtaani bila kifunga mdomo. Ndiyo maana wazalishaji wajanja wako mbele ya serikali siku zote, ukifunga aina moja wanachanganya nyingine, wanaipa jina jipya, bei inapanda. Kumbuka 1991 hadi XL Bully.

Uholanzi walipiga marufuku pit bull 1993 baada ya vifo, wakakaa nayo miaka 15, na 2008 serikali ikatangaza inaiondoa kwa sababu idadi ya watu kung'atwa haikupungua. Denmark wakaenda kinyume chake, 2010 wakafungia aina 13, lakini wakaweka na kipengele ambacho mimi nakiona kina akili kuliko orodha yenyewe, kwamba mbwa wa aina yoyote akimjeruhi mtu vibaya sana anauawa, hata awe na nywele laini na picha nzuri kiasi gani.

Na ile marufuku ya pili ya Uingereza? Mei 2024, miezi michache tu baada ya cheti kuwa lazima, mama mmoja mashariki ya London aliuawa nyumbani kwake na XL Bully wake wawili. Mbwa wamesajiliwa. Kifunga mdomo kinatakiwa barabarani, na yeye alikuwa ndani kwake. Hapo ndipo penye ugumu wote, maana sheria inamlinda mpita njia, wakati wanaong'atwa kwa kiasi kikubwa ni watu wanaomfahamu mbwa, wa nyumba hiyo hiyo au jirani, na wengi ni watoto. Askari hawezi kukaa sebuleni kwako.

Turudi kwetu Afrika. Novemba 2022 Afrika Kusini ilichafuka, watoto waliuawa na pitbull, wananchi wakawachoma mbwa moto, ombi la kutaka wapigwe marufuku likasainiwa na watu zaidi ya laki moja, na wengine wakawa wanakimbiza mbwa zao wenyewe vituo vya SPCA, shirika la kutetea wanyama la huko, kwa hofu. Ule moto ulinifundisha jambo moja, watu wengi waliokuwa na pitbull hawakuwa na fensi ya kumhifadhi pitbull. Walinunua jina.

Na Dar na Nairobi tunanunua hivyo hivyo. Mtu kajenga, kaweka geti, anataka mbwa "wa mbegu", anatafuta German Shepherd au Rottweiler, mwenye hela zaidi anataka Boerboel, lile jibwa la ulinzi la Afrika Kusini, anauziwa katoto hata miezi miwili hakajafika, kanatolewa kwa mama yake kanawekwa bandani peke yake. Samaki mkunje angali mbichi, na kwa mbwa ubichi wenyewe ni mfupi mno, kipindi cha kuzoea watu, watoto, pikipiki, wageni ni kuanzia kama wiki ya tatu mpaka wiki ya kumi na nne hivi, kikipita bila kuona kitu zaidi ya mbao za banda, huyo mbwa kila kigeni kwake ni adui. Halafu mchana kafungiwa, usiku anafunguliwa, anayemlisha ni mlinzi au dada wa kazi, mwenye mbwa anamuona akipita na gari. Na kuna wanaomlisha pilipili au bangi ati awe mkali, wengine wanamshindisha njaa, wengine wanamwambia mtoto wa jirani amchokoze kupitia geti ili "achangamke". Baada ya hapo anaweka kibao cha mbwa mkali, anajiona kamaliza wajibu.

Kile kibao kwanza kinaweza kumgeuka. Kanuni ya zamani ya Kiingereza ambayo sheria zetu za madai zimerithi inasema mwenye mnyama wa kufugwa anabeba madhara pale ambapo alijua mnyama wake ana tabia ya hatari. Sasa kama umeandika mwenyewe getini kwa rangi nyekundu, utamwambia hakimu hukujua?

Wanaotetea ufugaji wa namna hii wana hoja na lazima niiseme, wizi upo. Polisi wanachelewa, walinzi wanalala au wanashirikiana na wezi, na mbwa anayempenda kila mtu atamkaribisha na mwizi. Naelewa. Lakini mbwa wa ulinzi anayefaa ni yule anayebweka mapema na kutulia akiambiwa, siyo yule ambaye hata mwenyewe unaogopa kumfungulia. Hata mafundisho ya Kiislamu yanayowafanya watu wengi wa pwani wasiweke mbwa ndani yanaruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa kuchunga, maana yake anafugwa kwa kazi inayoeleweka. Sasa mbwa aliyeharibiwa akili bandani anafanya kazi gani? Siku anayotoroka hamkuti mwizi, anamkuta mtoto anaenda dukani.

Halafu kuna upande ambao kwenye ubishi wa pitbull hauguswi kabisa, na kwetu ndiyo unaoua. Kichaa cha mbwa. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na maambukizi kwa binadamu yanatoka kwa mbwa kwa asilimia 99. Anayeleta kifo hicho kwa kawaida ni mbwa koko au mbwa wa kienyeji wa jirani ambaye hakuchanjwa, hata kama ana kilo kumi na tano na kidonda alichotoa ni mkwaruzo. Orodha ya aina za mbwa haimgusi huyo. Kinachomgusa ni chanjo, ukichanja mbwa asilimia 70 ya eneo ugonjwa unakatika, na Pemba wamelifanya hilo, kichaa kiliisha 2014, kikarudi 2016, wakachanja tena mpaka kikaisha. Na ukishang'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo, mambo ya kupaka mafuta ya taa au kukata nywele za mbwa mkaweka kidondani achaneni nayo, dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Orodha ya majina siitaki, ila na ule msemo wa "kosa ni la mwenye mbwa tu" umekuwa kichaka cha wafugaji kujifichia. Uzito una maana. Ningeweka kigezo cha kilo, mbwa atakayefika tuseme kilo 35 akiwa mkubwa, awe Boerboel, pitbull au mchanganyiko usio na jina, mwenye nyumba aonyeshe fensi na mageti mawili, moja la banda na moja la nje, aonyeshe kadi ya chanjo, aandikwe jina lake kwa halmashauri, na mbwa akimjeruhi mtu alipie matibabu yote bila kusubiri kesi. Anayeuza watoto wa mbwa naye abanwe, asiuze kabla ya wiki nane na asiuze bila kadi.

Najua mtaniuliza nani atakagua, wakati bwana mifugo wa kata hana hata pikipiki. Ni kweli, na orodha ya aina ingegonga ukuta huo huo, tena vibaya zaidi maana angelazimika kubishana na mwenye nyumba kama hiki ni kichwa cha pitbull au siyo. Kadi ya chanjo haina ubishi, iko au haiko. Mimi ningeanzia kwenye kadi, mwaka huu, nyumba kwa nyumba, kabla hatujafika kwenye mageti.