Umerudi mazima au umekuja kusalimia?

Kila nikishuka Mwanza, kabla sijafungua hata begi, jirani yetu wa Kirumba anakuja kuuliza: "Mwanangu, umerudi mazima au umekuja kutusalimia?" Nikisema nimekuja kusalimia, anacheka na kuulizia zawadi. Mwaka mmoja nilimtania kwamba nimerudi mazima. Akanyamaza, akanishika mkono, akasema pole. Pole ya nini, mama? Sijafiwa!

Niko Wuhan, China, tangu 2017. Nilikuja kusoma, nikabaki kwa kazi ya kuwatafutia watu wa Kariakoo mashine na spea. Sijaona neno linalotutisha sisi wa ughaibuni kama hilo la kurudi. Ndiyo sababu leo nataka kumzungumzia Wang Shuang, ingawa soka silijui kiundani. Mimi ni Simba wa kurithi tu.

Wang Shuang ni mtoto wa hapa hapa Wuhan, kazaliwa tarehe 23 Januari 1995. Ni mshambuliaji, japo mara nyingi anashuka chini kidogo kuuchukua mpira mwenyewe. Mwaka 2018 alikwenda Paris Saint-Germain (PSG) ya Ufaransa, na mwaka huo huo akatangazwa mchezaji bora wa kike wa Asia. Msimu ukaisha, Kombe la Dunia la 2019 likapigwa huko huko Ufaransa, halafu binti akaaga. Alisema anataka kujiandaa na timu ya taifa kwa ajili ya Olimpiki. Akarudi Wuhan.

Hebu fikiria binti wa Kitanzania aiache PSG arudi nyumbani akiwa na miaka 24. Vijiweni wangesema karogwa. Wenye huruma wangesema kashindwa baridi.

Na kurudi kwenyewe kulimponza. Januari 2020 alikuwa kwao kwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Mji ukafungwa kwa sababu ya korona tarehe 23, siku yake ya kuzaliwa. Michezo ya kufuzu Olimpiki, ambayo awali ilipangwa kuchezwa hapa hapa Wuhan, ikahamia Nanjing, kisha Sydney. Timu ikaenda Australia bila yeye na wenzake wengine watatu waliokwama China. Ikatoka video yake akifanya mazoezi juu ya paa la jengo, mpira na anga la kijivu tu.

Video ile niliitazama nikiwa hosteli, ghorofa ya saba, nina mfuko wa mchele na vitunguu vinne. Usiku watu walikuwa wanafungua madirisha na kupiga kelele "Wuhan jiayou!", yaani kaza buti Wuhan, jengo hili likiitikia lile. Mama alikuwa akipiga simu kila jioni kuuliza ndege itakuja lini. Wanafunzi wa mataifa mengine walifuatwa na ndege, sisi tukabaki. Nilimwonea wivu Wang Shuang kwa kitu kimoja: yeye alifungiwa kwao. Mimi nilifungiwa ugenini, na kwetu wengine walikuwa wanaomba nisirudi na ugonjwa. Sikuwalaumu, lakini sijasahau.

Mji ulifunguliwa tarehe 8 Aprili 2020, baada ya siku 76. Tarehe 8 Aprili 2021, mwaka kamili, China ilikuwa ugenini Goyang ikicheza na Korea Kusini mechi ya kwanza kati ya mbili za mwisho za kutafuta tiketi ya Olimpiki ya Tokyo. Wakashinda 2-1, bao moja la Wang Shuang kwa penalti. Marudiano huku China, mjini Suzhou, Wakorea wakatangulia 2-0. Nilikuwa kwenye kibanda cha tambi, zile za hapa za kuchanganya na ufuta uliosagwa, ambazo watu wanakula asubuhi huku wanatembea. Bao moja likarudi, mechi ikaenda dakika za nyongeza, Wang Shuang akapiga shuti la mbali, likaingia. Mzee mwenye kibanda alirusha kitambaa chake, kikaanguka kwenye bakuli langu. Hakuniomba radhi, wala sikutaka.

Kisha Tokyo. China na Zambia, 4-4. Mabao yote manne ya China ni ya Wang Shuang, na matatu ya Zambia ni ya Barbra Banda. Sasa mimi nishangilie nani? Nilishangilia yote manane, jirani wa hosteli akadhani nimechanganyikiwa.

Ila Banda ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa anacheza Shanghai. Msimu wa 2020 alifunga mabao 18 kwenye ligi ya hapa, akawa kinara. Hapa Wuhan akaja Temwa Chawinga kutoka Malawi; mwaka 2023 alifunga mabao 63 kwenye mashindano yote. Kwa hiyo uwanja ambao kwa Wang Shuang ni kurudi nyumbani, kwa Temwa ulikuwa majuu. Klabu inayoweza kumlipa Mmalawi avuke bahari ndiyo hiyo hiyo inayompa binti wa mtaani mahali pa kurudi bila kuambiwa pole.

Nisiwapambe Wachina. Mechi nyingi za wanawake huku nimezikuta na majukwaa matupu. Olimpiki ile ile walipigwa 8-2 na Uholanzi, na Kombe la Dunia la 2023 Uingereza iliwapiga 6-1. Wang Shuang mwenyewe alitoka tena: Louisville, Marekani, mwaka 2022, kisha Tottenham ya Uingereza 2024. Halafu akarudi tena. Mei 2025 Wuhan ikatwaa Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Asia, ya kwanza kabisa, kwa penalti dhidi ya Melbourne City, fainali ikipigwa hapa hapa mjini. Anatoka na kuingia kama mtu anayekwenda dukani.

Kwetu tuna Clara Luvanga Saudi Arabia, Aisha Masaka alifika Sweden na Uingereza, Opah Clement alicheza Uturuki. Nawashangilia kwa roho moja. Lakini mmoja wao akirudi kesho Simba Queens au JKT Queens akiwa bado na nguvu, tutaandika kaporomoka, na sitasema ni roho mbaya tupu. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza 2016. Bado ni changa, na mchezaji anayerudi anajua anarudia nini.

Binamu yangu anacheza beki Mwanza. Njumu alikuwa anachangia na mwenzake: huyu akitoka uwanjani anavua, anayeingia anavaa zikiwa bado za moto. Nikamnunulia za kwake huku, nikakosea namba maana vipimo vya Wachina vinanichanganya hadi leo. Anazivaa na soksi mbili. Juzi kanipigia, nikadhani anataka kushukuru.

"Dada," akauliza, "huko Wuhan wanachukua na mabeki, au washambuliaji tu?"