Kijana Aliyeuliza Sababu Hakukosa Adabu

Katika semina moja ya maadili hapa Kigoma, mtoa mada alizungumza kwa kirefu kuhusu mavazi na utii. Kijana mmoja mvuvi alipouliza kwa nini mtu ambaye wanawe wana njaa aheshimu amri ya kufunga ziwa ili watu wasivue kwa muda, aliambiwa akae chini na aache ubishi. Niliumia sana, kwa sababu swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Falsafa ya maadili huanza pale mtu anapodai sababu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hoja kubwa ilikuwa kwamba samaki wakiachwa wazaliane, watu wengi zaidi watanufaika katika nchi zote nne zinazolizunguka. Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham angeitambua hoja hiyo, kwani katika kitabu alichokichapisha mwaka 1789 alitaka matendo yapimwe kwa furaha na maumivu yanayoyaleta. Naikubali, ingawa kwa shingo upande, maana jumla ya faida haituambii ni nani aliyebeba hasara, na mama anayeishi kwa kuanika dagaa hana hakika kwamba faida hiyo itamfikia yeye.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba tabia njema hujengwa kwa mazoea, na hapo wanaosisitiza utii wana haki kiasi. Lakini alidai pia busara ya kuamua, nayo haikui kwa mtu anayenyamazishwa.

Aliyemfaa zaidi kijana yule ni mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1785 kwamba ufuate kanuni ile tu ambayo unaweza kutaka iwe sheria kwa watu wote. Mvuvi anayeingia ziwani usiku kwa siri anategemea wenzake wabaki nchi kavu. Wote wakifanya kama yeye, amri ya kufunga ziwa haipo tena, na ile nafasi aliyoivizia imetoweka. Hilo ni jibu ambalo kijana angeweza kulipima, akalikubali au akalipinga kwa hoja. Tena Kant alikataza binadamu kutumiwa kama chombo tu cha kutimizia malengo ya wengine, na katazo hilo linambana mwenye kutoa amri sawasawa na mvuvi. Ikiwa mtoa amri mwenyewe asingekubali kuzuiwa kazi kwa miezi mitatu bila kuulizwa wanawe watakula nini, basi kijana yule anamdai maelezo, na alikuwa na haki ya kuyadai akiwa amesimama.